Wakati ujao wa Kihispania: kugeuza vitenzi vya kawaida hatua kwa hatua

Lipasue neno nitakula. Utapata ni-, kisha -ta-, kisha kula. Kitenzi-jina kizima kimebaki ndani yake bila kukatwa hata herufi moja. Kwa Kiswahili jambo hili hutokea hasa kwa vitenzi vifupi kama kula, kuja na kunywa. Kwa Kihispania hutokea kwa kila kitenzi cha kawaida: comer ni kula, comeré ni nitakula. Kitenzi-jina hubaki kizima, kisha kipande kifupi hushikizwa mwishoni.

Ndiyo maana nasema wakati ujao ni mahali pazuri sana pa kuanza kufurahia vitenzi vya Kihispania. Viambishi ni sita tu, na havibadiliki kutoka kundi moja la vitenzi hadi jingine. Ugumu upo, lakini hauko kwenye viambishi. Kwa mtu aliyekulia Kiswahili ugumu uko kwenye mkazo, na huko ndiko tutakokaa muda mrefu zaidi.

Hatua ya kwanza: chukua kitenzi-jina, usikikate

Vitenzi-jina vyote vya Kihispania huishia na -ar, -er au -ir. Hablar ni kuzungumza, comer ni kula, vivir ni kuishi. Kama umeshajifunza wakati uliopo, umezoea kukata hizo herufi mbili za mwisho kabla ya kuweka kiambishi: habl-o, com-o, viv-o. Katika wakati ujao acha kabisa tabia hiyo. R ya kitenzi-jina ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba jambo bado halijatokea.

Ukikata utasema kitu kingine kabisa. Hablé maana yake ni nilizungumza. Hablaré maana yake ni nitazungumza. Tofauti yake ni kipande kimoja tu, -ar-, na ukikimeza mtu atadhani kazi uliyoahidi kuifanya kesho uliimaliza jana.

Hatua ya pili: shikiza kiambishi cha nafsi

Viambishi vyenyewe ni -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Viweke kwenye vitenzi vyetu vitatu:

yo (mimi): hablaré, comeré, viviré
tú (wewe): hablarás, comerás, vivirás
él, ella, usted (yeye, wewe wa heshima): hablará, comerá, vivirá
nosotros, nosotras (sisi): hablaremos, comeremos, viviremos
vosotros, vosotras (ninyi): hablaréis, comeréis, viviréis
ellos, ellas, ustedes (wao, ninyi): hablarán, comerán, vivirán

Soma jedwali hili kwa kushuka, kisha kwa kwenda kando. Ukienda kando unaona kiambishi kilekile mara tatu. Katika wakati uliopo hali si hivyo: hablamos, comemos, vivimos, kila kundi na irabu yake. Hapa kundi la kitenzi halina kazi nyingine ila kukupa herufi zilizo kabla ya r.

Kuhusu safu ya vosotros, hutumika Hispania kwa watu unaowazoea. Amerika ya Kilatini husema ustedes kwa kila kundi la watu, wawe marafiki au wageni, na ustedes huchukua umbo la wao. Usted nayo ni wewe wa heshima, lakini huchukua umbo la yeye. Mgeni au mzee utamuuliza ¿Hablará usted mañana?, yaani, utazungumza kesho? Huko Ajentina na nchi nyingine wanakotumia vos badala ya tú, umbo la wakati ujao ni lile la tú: vos hablarás.

Kuna mzigo mmoja unaotuliwa hapa. Sisi husema kitabu kitafika, barua itafika, gari litafika, na kila ngeli ina kiambishi chake. Kihispania hakina ngeli za namna hiyo. El libro llegará, la carta llegará, el coche llegará: -á inatosha kwa kitu chochote kimoja, na -án kwa vitu vyovyote vingi.

Tena, kama ilivyo kwetu, nafsi imo ndani ya kitenzi. Hatuna haja ya kusema mimi nitazungumza kila mara, nao hawana haja ya kusema yo hablaré. Weka yo pale tu unapotaka kusisitiza kwamba ni wewe na si mwingine. Tofauti ni mahali: Kiswahili huweka nafsi mbele na wakati katikati, Kihispania huvikusanya vyote viwili nyuma. Kiambishi -ás peke yake kinabeba kazi ya u- na -ta- kwa pamoja.

Viambishi hivi vilitoka wapi

Nisingeleta historia hapa kama isingesaidia kukumbuka. Katika Kilatini cha mitaani watu walianza kusema cantare habeo, yaani, nina jambo la kuimba. Habeo ni kuwa na. Taratibu maneno hayo mawili yaliungana, na leo Wahispania husema cantaré. Ukijua kitenzi haber katika wakati uliopo, viambishi unavyo tayari: he, has, ha, hemos, habéis, han. H haitamkwi. Iondoe, kata na hab- ya habéis, na unabaki na é, ás, á, emos, éis, án. Antonio de Nebrija, aliyechapisha sarufi ya Kikastilia, yaani Kihispania, mwaka 1492, alikuwa ameshaliona jambo hili na akaeleza kwamba wakati ujao umeundwa kwa kitenzi-jina pamoja na kitenzi hicho.

Kiswahili kilipita njia ya jirani. Wataalamu wa lugha huihusisha -ta- yetu na kitenzi taka, na mabaki yake yanaonekana mpaka leo: nitafika, lakini nitakapofika, atasoma, lakini atakayesoma. Wao walijenga kesho kwa kuwa na, sisi tuliijenga kwa kutaka. Mimi huliona jambo hili kuwa la kupendeza mno, na kuna faida ya vitendo ndani yake, kama utakavyoona sasa hivi.

Hatua ya tatu: mkazo, na alama yake

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kiTAbu, nitaKUla, mwanaFUNzi. Tumezoea kiasi kwamba hatuusikii. Kihispania nacho, kwa maneno yanayoishia na irabu, n au s, huanza na kanuni hiyohiyo. Neno linapofuata kanuni, haliandikwi alama. Linapoivunja, huandikwa alama juu ya irabu yenye mkazo.

Sasa tazama tena viambishi sita. Hablaremos haina alama kwa sababu mkazo uko pale ambapo ulimi wako ungeuweka wenyewe: hablaREmos. Maumbo mengine matano yote yanavunja kanuni na kupeleka mkazo mwisho kabisa: hablaRÉ, hablaRÁS, hablaRÁ, hablaRÉIS, hablaRÁN. Ulimi wa Kiswahili utapinga. Utataka kusema haBLAra, kwa sababu ndivyo ulivyosema maneno tangu utotoni.

Shida ni kwamba haBLAra ni neno halisi la Kihispania lenye maana yake. Hablará ni atazungumza. Hablara hutumika kwenye sentensi za sharti: si hablara, kama angezungumza. Comprarás ni utanunua, compraras ni kama ungenunua. Llegarán ni watafika, llegaran ni kama wangefika. Ukikosea mkazo hujakosea lafudhi tu, umelihamisha jambo kutoka kwenye ahadi hadi kwenye dhana. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa la kwanza la kurekebisha, kabla hata ya kuongeza msamiati.

Dawa ninayoiamini ni ile historia tuliyoipitia. Lirudishe neno lilivyokuwa: maneno mawili. Sema hablar, tua kidogo, kisha sema é kwa nguvu kana kwamba ni neno linalojitegemea. Hablar… é. Hablar… ás. Hablar… á. Rudia mara kadhaa, kila mara ukipunguza kituo, mpaka vipande viungane na nguvu ibaki mwishoni: hablaré. Ukifika kwenye hablaremos, acha ulimi uende unavyopenda. Fanya zoezi hili kwa sauti. Kusoma kimya hakufundishi mkazo.

Baada ya hapo fanya jozi: hablará, hablara, comerás, comieras, vivirán, vivieran. Utagundua kwamba katika vitenzi vya -er na -ir umbo la sharti hubadilika zaidi, comiera badala ya comera, kwa hiyo hatari ya kueleweka vibaya ni kubwa zaidi kwa vitenzi vya -ar. Navyo ndivyo vingi kuliko vyote.

Kwenye maandishi, usiiache alama. Hablara bila alama si uzembe mdogo wa tahajia, ni neno jingine. Kwenye simu bonyeza herufi a au e na uishikilie, orodha ya herufi zenye alama itatokea.

Kuhusu matamshi mengine nitapita haraka, kwa sababu irabu tano za Kihispania zinakaribiana sana na zetu na hapo tuna bahati. -éis ni silabi moja, usiipasue kuwa e-is. H ni bubu. V na b hutamkwa sawa, kwa hiyo viviré husikika kama bibiré. J ni kama kh ya Khamisi: trabajaré, nitafanya kazi. Na kama katika usemi wako wa kila siku l na r hubadilishana nafasi, jizoeze kuzitenga, maana r hii ndiyo inayobeba wakati wote ujao.

Hatua ya nne: kukanusha na kuuliza

Hapa Kihispania ni chepesi kuliko chetu. Sisi hubadilisha mwanzo wa neno: nitasoma, sitasoma, utasoma, hutasoma. Wao huweka no mbele na kuliacha umbo lilivyo. Leeré, no leeré. Venderán la casa, watauza nyumba. No venderán la casa, hawatauza nyumba.

Kuuliza ni kupandisha sauti, na katika maandishi kuweka alama mbili, moja ya kugeuzwa mwanzoni: ¿Abrirás la puerta? Utafungua mlango?

Hatua ya tano: mtendwa huenda mbele

Kiswahili huingiza mtendwa ndani ya kitenzi: ni-ta-ku-ita. Kihispania humweka kama neno la peke yake kabla ya kitenzi: te llamaré. Lo compraré, nitakinunua. Nos ayudarán, watatusaidia. Wakiwa wawili, anayepewa hutangulia na kitu hufuata: te lo compraré, nitakununulia hicho. Usijaribu kukibandika nyuma. Compraré lo si Kihispania cha leo.

Vitenzi vya kujitendea hufuata mpango huohuo. Levantarse ni kuamka, yaani kujiinua. Ondoa se ya mwisho kwanza, ndipo ushikize kiambishi, kisha weka kiwakilishi mbele: me levantaré, te levantarás, se levantará, nos levantaremos, os levantaréis, se levantarán. Anayeanza hushikiza kiambishi juu ya se, akapata neno lisilokuwepo. R lazima iwe ya mwisho kabla ya kiambishi.

Hatua ya sita: kujua kipi ni cha kawaida

Habari njema ni kwamba vitenzi vingi vinavyosumbua katika wakati uliopo hutulia hapa. Ser, kuwa, ambacho sasa ni soy, eres, es, huwa seré, serás, será. Ir, kwenda, huwa iré. Estar, estaré. Dar, daré. Dormir, ambacho huwa duermo wakati uliopo, ni dormiré tu. Pensar ni pensaré, jugar ni jugaré, pedir ni pediré, conocer ni conoceré. Sababu unaijua: kitenzi-jina hubaki kizima na mkazo uko kwenye kiambishi, kwa hiyo irabu ya shina haigeuki.

Oír, kusikia, na reír, kucheka, ni vya kawaida pia ila hupoteza alama ya kitenzi-jina kwa kuwa mkazo umehama: oiré, oirás, oirá; reiré, reirás, reirá. Katika oiremos na reiremos hakuna alama yoyote.

Vinavyovunja kanuni ni 12, ukiongeza na vile vilivyotokana navyo. Viambishi havibadiliki hata hapo. Kinachobadilika ni shina. Vitano hudondosha irabu: caber, cabré, haber, habré, poder, podré, querer, querré, saber, sabré. Vitano huweka d mahali pa irabu: poner, pondré, salir, saldré, tener, tendré, valer, valdré, venir, vendré. Viwili hufupishwa: decir, diré, hacer, haré. Mantener hufuata tener, mantendré, na proponer hufuata poner, propondré. Lakini bendecir na maldecir, kubariki na kulaani, havifuati decir: ni bendeciré na maldeciré, za kawaida kabisa.

Katika hivi 12 angalia sana querer. Queremos ni tunataka, querremos ni tutataka, na kinachozitenga ni r moja au mbili zinazotetema.

Hatua ya saba: lini utumie umbo hili, na lini usitumie

Katika mazungumzo ya kila siku, hasa Amerika ya Kilatini, watu husema mara nyingi zaidi voy a comer, naenda kula, kwa jambo lililopangwa. Mañana te llamo, kesho nakupigia, nayo ni ya kawaida. Umbo tulilojifunza husikika zaidi kwenye ahadi nzito, utabiri, habari, na maandishi rasmi. Siamini kwamba hiyo ni sababu ya kuliruka. Usipolijua hutaweza kusoma gazeti, na kuna kazi moja ambayo voy a haiwezi kuifanya vizuri.

Kazi hiyo ni kukisia jambo la sasa, na Mswahili anaijua tangu zamani. Mtu akiuliza fulani yuko wapi, sisi hujibu: saa hizi atakuwa nyumbani. Hatuzungumzii kesho, tunakisia. Kihispania husema vilevile: estará en casa. Ukiulizwa saa na huna uhakika: serán las diez, itakuwa saa nne. ¿Quién será?, atakuwa nani huyo? Wanafunzi wa lugha nyingine nyingi huhitaji maelezo marefu hapa. Wewe tafsiri moja kwa moja.

Umbo hili huamuru pia, kwa uzito wa sheria. Amri ya kutoua katika Biblia ya Kihispania ni no matarás.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kitakupoteza. Sisi husema nitakapofika nitakupigia, wakati ujao mara mbili. Mhispania hawezi kusema cuando llegaré, te llamaré. Baada ya cuando, kwa jambo ambalo bado, hutumia umbo la dhamira tegemezi, lile linalofanana kazi na nifike, uende, asome: cuando llegue, te llamaré. Wakati ujao unabaki kwenye nusu ya pili tu. Kila ukiona -takapo- kichwani mwako, simama.

Kwa si, yaani kama au ikiwa, hakuna tatizo, kwa kuwa -ki- yetu nayo haina -ta-. Mvua ikinyesha, hatutatoka: si llueve, no saldremos. Wakati uliopo kwanza, ujao baadaye.

Mazoezi

Funika majibu na ugeuze kwa Kihispania. Sema kila jibu kwa sauti, ukiuhakikisha mkazo.

1. Kesho tutaandika barua.
2. Hutauza gari.
3. Wataishi Hispania.
4. Nitakununulia kitabu.
5. Ataamka saa moja asubuhi.
6. Ninyi (Amerika ya Kilatini) mtakula wapi?
7. Saa hizi atakuwa amelala, kwa maana ya yuko usingizini.
8. Tutakapofika, tutazungumza.

Majibu: 1. Mañana escribiremos una carta. 2. No venderás el coche. 3. Vivirán en España. 4. Te compraré un libro. 5. Se levantará a las siete de la mañana. 6. ¿Dónde comerán ustedes? 7. Estará durmiendo, au estará dormido. 8. Cuando lleguemos, hablaremos.

Kama jibu la 8 limekupa llegaremos, rudi kwenye aya ya cuando. Kama umepata maneno yote lakini la 2 ukalitamka venDEras, rudi kwenye hatua ya tatu: vender… ás, vender… ás, venderás.